Ufa Nilioziba Mnarani

Niliziba ufa ule siku ya Jumanne, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na nilipomaliza nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Nataja shukrani hiyo mapema kwa sababu baadaye jambo hili lilisimuliwa kana kwamba nililifanya kwa siri. Sikujificha. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, taa zilikuwa zinawaka, na mimi nilikuwa naimba.

Kanisa lenyewe liko kusini-mashariki mwa London, safari ya basi moja kutoka soko la Woolwich ambako binti yangu hununua mihogo na dagaa. Limezungukwa na makaburi ya zamani na miti myeusi isiyopukutisha majani. Kabla ya hapo sisi tunaosali kwa Kiswahili, watu kama arobaini, Watanzania na Wakenya, wengi wao wauguzi na watunza wazee, tulikuwa tukikutana Peckham katika chumba kilicho juu ya saluni. Wakati wa sala ya toba tulisikia mashine za kukaushia nywele zikinguruma chini yetu, na harufu ya dawa ilipanda hadi kwenye meza ya Bwana. Tulipokaribishwa katika kanisa lile la mawe, kila Jumapili saa nane mchana baada ya ibada ya Kiingereza kwisha, wako waliolia. Mimi nililia.

Ufunguo nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa nilikuwa katekista miaka mingi huko nyumbani, nimestaafu, ninaishi kwa binti yangu, vituo vichache tu vya basi kutoka kanisani, na sina kazi nyingine zaidi ya kumpeleka mjukuu wangu shule. Kila Jumanne na Ijumaa nilikwenda kufagia. Aliyenikabidhi ni mama mmoja Mwingereza wa umri wangu, mlezi wa jengo. Huyo si mhubiri. Kazi yake ni kutunza kuta, paa, vyombo na kila kilichomo, na likitokea baya, yeye ndiye anayeulizwa. Sisi tulimwita Mama Mlezi. Nilimfundisha salamu yetu, naye aliipenda mno hata akawa anaitikia kabla hajaamkiwa. Akiniona tu mlangoni, husema kwa sauti, "Marahaba!" Nami hulazimika kumpa shikamoo yake, ingawa nimemzidi miaka miwili.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulisoma lile jengo. Alinionyesha kwamba kuta za chini ni za mawe ya gumegume, meusi ndani na meupe kwenye ganda, yaliyookotwa mashambani na kupangwa kwa chokaa kama mtu anavyopanga viazi. Madirisha madogo, membamba, ndiyo ya kale zaidi. Waliyajenga watu ambao hawakuwa na kioo cha kutosha na waliogopa upepo. Yale mapana yalikuja baadaye. Upande wa kaskazini nguzo zimechongwa, na juu ya kila moja kuna kichwa cha mtu, mmoja amekunja uso kama anaumwa jino. Upande wa kusini nguzo ni wazi, hazina hata ua. Mama Mlezi alisema wazee wa pale husimulia kwamba tauni iliingia kazi ikiwa katikati, wachongaji wakafa, na waliobaki walijua kusimamisha jiwe tu. "Hakuna aliyeandika," aliniambia. "Lakini tazama mwenyewe." Nilitazama. Toka siku hiyo sikuweza kupita kati ya safu zile mbili bila kuhisi kwamba upande mmoja uko hai na mwingine umefiwa.

Chini ya sakafu kuna watu. Majina yao yamefutwa na viatu. Juu ya kuta, alisema, palikuwa na picha za Siku ya Hukumu, rangi nyekundu na njano, zikapakwa chokaa zamani wakati wafalme wao walipogombania dini. Nami nilipokuwa nikifagia peke yangu nilikuwa na tabia ya kutazama ukuta ule mweupe nikijua kuna macho nyuma yake. Mimi ni mtu niliyefundishwa kutoogopa wafu. Hata hivyo nilifagia haraka.

Mnara uko upande wa magharibi. Ni mfupi na mnene, na chini yake kuna chumba cha mraba kilichotandikwa zulia, chenye pazia. Hapo ndipo watoto wetu walipofundishwa Jumapili tukiwa sisi wakubwa katika mahubiri. Walikuwa kumi au kumi na mmoja. Mwalimu aliwaeleza kwa Kiswahili, wao wakajibu kwa Kiingereza, na mambo yakaenda. Kamba ya kengele ndogo ilining'inia pembeni. Kengele kubwa za juu hazikupigwa tena, kwa kuwa waliojua kuzipiga wamezeeka.

Katika ukuta wa chumba hicho kulikuwa na ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa kupinda hadi usawa wa bega langu, na mahali pengine ungeweza kuingiza kidole. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo. Nyumba ya kale haikosi ufa. Lakini Jumapili moja, mwezi wa pili, mjukuu wangu, ambaye ana miaka saba, alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba ameingiza kalamu yake ya rangi ukutani na ukuta umeimeza. Alisema aliisikia ikianguka ndani kwa muda mrefu.

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Nililiona lile giza ndani ya ukuta, na kalamu ikishuka, na watoto wameegemea hapo migongo yao.

Nimekulia Ugogo katika nyumba ya tembe, ya miti na udongo. Baba yangu alikuwa akizunguka kuta kila baada ya mvua, na akiona mstari mwembamba tu, alichota udongo akaukandika kabla hajanywa uji. Kwetu mtoto anakua akiambiwa kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, na hilo linakuwa ndani yake kama kunawa mikono. Nilipokuwa katekista nimesimamisha makanisa matatu ya tofali kwa mikono hii. Naijua saruji. Basi niliona jambo ni jepesi: wametupa nyumba ya kusalia, nasi tuwazibie ufa.

Ningemwuliza Mama Mlezi, lakini alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti na kwenda kwa dada yake pwani kwa wiki tatu. Kasisi wa Waingereza alikuwa na makanisa mengine mawili. Alikuwa akija asubuhi ya Jumapili na kuondoka mbio. Nikajiambia, mama akirudi akute kazi imekwisha, afurahi. Nilinunua mfuko mdogo wa saruji na mchanga. Mwiko ninao, nimesafiri nao kutoka nyumbani.

Juu ya ufa palikuwa na vipande viwili vya kioo, vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole cha kati, vimegandishwa kwa plasta huku na huku ili vivuke ufa. Kando yake kulikuwa na tarakimu ndogo za penseli. Nilidhani kuna fundi aliyejaribu kuushika ukuta kwa kioo, nikamhurumia. Nilivibandua kwa kisu. Nikakwangua tarakimu. Nikaujaza ufa kwa nguvu, nikalainisha, na ulipokauka siku ya Ijumaa nikapaka rangi nyeupe. Haukuonekana kabisa. Jumapili mbili zilizofuata niliwatazama watoto wakiegemea pale, moyo wangu umetulia kama maji mtungini.

Mama Mlezi alirudi siku ya Ijumaa, akiwa na fimbo.

"Marahaba!" alisema mlangoni.

"Shikamoo, Mama. Goti?"

"Goti ni la chuma sasa. Mimi ndiye ninayeumwa." Aliketi kwenye benchi la nyuma, akazungusha macho. "Umelitunza vizuri. Nashukuru. Jumatano anakuja msanifu wetu wa majengo, na nilikuwa naona aibu akute vumbi. Anakuja kusoma vioo."

"Vioo gani?" niliuliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Vile viwili vya mnarani. Hujaviona? Ndivyo vinavyotuambia kama mnara unasogea. Udongo wa hapa ni wa mfinyanzi. Jua likiwa kali unasinyaa, mvua ikija unavimba, na mnara unapanda na kushuka nao. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Kikiwa kizima tunalala usingizi. Kikipasuka tunafunga mlango siku hiyo hiyo."

"Na ufa wenyewe, kwa nini hamuuzibi?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini hatufungi mdomo wa mgonjwa anayelalamika. "Ukiuziba hutajua unakwenda wapi. Tumeutazama miaka tisa. Waliotutangulia waliutazama pia."

Alitaka kwenda kuviona, akasimama, akaliangalia pazia la mnara, goti likamkataa akakaa tena. "Nitaviona Jumatano pamoja naye," alisema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilimwambia nitamletea chai.

Alipokwisha kuondoka niliingia mnarani, nikasimama mbele ya kazi yangu. Nilijaribu kuikumbuka ile Jumanne. Kioo cha juu kilitoka kizima. Hilo nina hakika nalo. Cha chini kilitoka katika vipande viwili. Je, kilipasuka kwa kisu changu, au nilikikuta kimepasuka? Nilifumba macho nikajaribu kusikia mlio wa kuvunjika. Nilisikia sauti yangu tu, ninaimba. Ikiwa kisu ndicho kilichovunja, mnara umesimama na kosa ni langu pekee. Ikiwa kilikuwa kimevunjika tayari, basi ukuta ule unakwenda, na mimi nimeufunga mdomo, na watoto wameegemea. Shahidi wa jambo hilo duniani alikuwa mmoja, naye hakumbuki.

Nikapitisha kidole juu ya rangi. Karibu na dirisha, katikati ya saruji yangu, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Saruji mpya hujikunja ikikauka, kila fundi anajua. Nilijiambia hivyo mara tatu. Kisha nikatoka nje nikiwa nimeinamisha kichwa, jinsi mtu anavyopita chini ya kitu kinachoning'inia.

Hofu hiyo ilikuwa na upande wa pili. Ruhusa yetu ya kusali pale ilikuwa ya barua, na barua ilisema wazi kwamba tusiguse chochote cha jengo bila kibali cha dayosisi. Niliitafsiri mimi mwenyewe mbele ya waumini. Nilipofika kwenye neno hilo nilidhani wanazungumzia kuiba. Sasa nilijua. Nikisema, tutaondolewa. Nisiposema, Jumapili watoto wataketi chini ya mnara ambao hakuna ajuaye hali yake.

Jumamosi nilimkuta mwenyekiti wetu sokoni Woolwich, mama wa Kikenya anayetunza wazee majumbani, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa akibinyabinya maparachichi. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama kati ya masanduku.

"Wacha!" alisema. Akarudisha parachichi mahali pake. "Mzee wangu, ulitoa hivyo vitu na kisu?"

"Nilivitoa."

"Na hakuna mtu amejua?"

"Bado."

Alinivuta mkono hadi penye ukuta wa duka. "Sasa sikia. Pasaka imebaki wiki tano. Tuko na ubatizo. Watu wamealika jamaa kutoka Birmingham, kutoka kila mahali. Ukisema leo, kesho tuko barabarani na birika letu la chai. Wewe nyamaza. Huyo fundi akija Jumatano, atashangaa mwenyewe, aseme labda ni kasisi aliziba. Wazungu wenyewe hawaongeleshani."

"Na watoto?"

"Mnara umesimama tangu nyanya ya nyanya ya Malkia. Umengoja hadi ubatizo wetu ndio uanguke?" Alicheka, lakini alipoona uso wangu aliacha. Akasema kwa sauti ya chini, "Mimi pia ni muoga, Mzee. Naogopa kurudi juu ya saluni."

Sikumlaumu. Aliogopa kwa niaba ya watu arobaini.

Jumapili nilifika saa nzima kabla ya ibada. Nililikunja zulia la watoto, nikalibeba hadi mbele, upande wa madhabahu, ambako ni mbali kabisa na mnara. Mwalimu wao alipouliza, nilisema kule nyuma kuna baridi. Ulikuwa uongo wa pili. Mwenyekiti alinipita akiwa na daftari lake la matangazo, akasema kwa sauti ya watu kusikia, "Mzee leo amewapandisha cheo hawa, wamekuwa wazee wa baraza!" Watu wakacheka. Macho yake hayakucheka.

Nilikuwa nimeweka watoto mahali salama, nikasahau kamba. Kwetu ibada haianzi bila kengele, na kila Jumapili kuna kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa akiivuta. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo zisizo na nakshi, nafungua kitabu cha nyimbo, nilipomwona anapita pazia na kuinua mikono. Kengele ikalia mara moja. Nilisikia, au nilidhani nasikia, chembe za mchanga zikidondoka.

"Acha kamba!" nilipiga kelele. "Toka! Toka hapo!"

Kanisa zima liligeuka. Sijawahi kupaza sauti kanisani maisha yangu yote, hata nilipokuwa kijana. Yule mwanafunzi alitoka mikono imeinuliwa kama mtu aliyekamatwa. Mtoto mdogo akaanza kulia. Kasisi wetu, ambaye huja kutoka mbali kutuongoza, alisubiri nieleze, nami nikainamia kitabu changu kana kwamba natafuta wimbo. Hatimaye alianza ibada. Kuna mnara mmoja ambao Bwana mwenyewe aliutaja, ulioangukia watu wasiokuwa wabaya kuliko wengine. Nilikuwa nimewafundisha wengi habari hiyo kwa utulivu mkubwa. Siku ile niliifikiria nikiwa nimeshika benchi kwa mikono yote miwili, nikitazama pazia.

Kwenye basi binti yangu alimkalisha mtoto kiti cha mbele, akakaa nami nyuma.

"Baba, una nini?"

Nilimwambia. Alisikiliza jinsi anavyosikiliza wagonjwa, bila kunikatiza, akitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Kazini kwetu ukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, hungoji uone kama ataugua. Unaandika saa ile ile, unamwita mkubwa wako. Siku yangu ya kwanza kukosea niliandika hivyo hivyo. Nilijua wanaweza kunirudisha nyumbani."

"Walikurudisha?"

"Hapana. Lakini sikujua nilipokuwa naandika, Baba."

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama Mlezi makaburini akikusanya matawi kwa fimbo yake. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiingereza kizuri, na yote yakanitoka. Nilimwambia tu: niliviondoa vioo, nimeziba ufa kwa saruji, na nilijua tangu Ijumaa kwamba nimekosa na sikusema.

Alikaa juu ya kaburi la mawe. Uso wake ulibadilika rangi. Nilingoja anifokee, ingekuwa nafuu. Alisema, "Kwa saruji," kisha, "Ulinipa chai." Akatoa simu.

Msanifu hakungoja Jumatano. Alifika alasiri ile ile, mwanamume mwembamba mwenye taa kichwani kama mchimba madini. Alipapasa kazi yangu kwa kucha. Alisema saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe; ukuta wa chokaa unapumua na kujongea kidogo kidogo, na ukiutia jiwe gumu katikati, unavunjikia pembeni. Itabidi itolewe kwa patasi, punje kwa punje. Alisema bila hasira. Kisha akauliza, "Vioo viko wapi?"

"Nimevizika," nilisema.

Wote wawili walinitazama. Nikawaeleza kwamba kwetu watoto hutembea pekupeku, kwa hiyo kioo kilichovunjika hakitupwi hovyo; kinafungwa kwenye gazeti na kufukiwa ardhini. Nilikuwa nimevifukia nyuma ya kibanda cha vifaa, nje ya makaburi, kina cha mkono. Tulikwenda. Nilichimba kwa mwiko ule ule. Gazeti lilikuwa limelowa, lakini vioo vilikuwemo: kimoja kizima, na kingine katika vipande viwili.

Msanifu alivipangusa kidogo sana, akaviinua kwenye mwanga. Alichukua kile kizima akakikata pembeni kwa koleo, akatuonyesha: mpasuko mpya unang'aa kama maji. Kisha akatuonyesha ukingo wa kile kilichovunjika. Ulikuwa na mstari wa vumbi jeusi, limegandana kama masizi ya chungu.

"Udongo?" niliuliza. Nilitaka iwe udongo.

"Udongo wa hapa ni wa kahawia. Hili ni vumbi la mnarani. Kisu chako hakikukivunja hiki. Kilikuwa kimepasuka miezi kadhaa." Akamgeukia Mama Mlezi. "Mara ya mwisho ulivitazama lini?"

"Mwezi wa tisa, kabla ya majani kupukutika," alisema. "Nilitakiwa kuvitazama kila mwezi. Kulikuwa na goti."

Nilikuwa nikihesabu Jumapili. Tangu majani yapukutike hadi siku ile, watoto kumi au kumi na mmoja, zulia, migongo ukutani, na kamba ya kengele juu yao. Nilishika ukuta wa kibanda. Mtu anaweza kuogopa kitakachokuja, nilikwisha kuzoea hilo. Sikuwa nimewahi kuogopa kilichokwisha kupita.

Nilisema, kwa kuwa nilitaka neno lolote la faraja, kwamba angalau vioo vimepatikana. Mama Mlezi alitikisa kichwa. "Kama usingevitoa, angekiona mwenyewe keshokutwa." Alikuwa mkweli na sikumchukia kwa hilo. Kisha akaongeza, taratibu, "Na kama ungenyamaza, asingeona kitu ila ukuta mzuri mweupe."

Mlango ulifungwa jioni ile kabla jua halijazama. Nilimkabidhi ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, kama alivyoniona mimi nikipokea vitu, na hakusema lini ataurudisha.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Ilisema kanisa zima limefungwa hadi msingi wa mnara uchunguzwe, na kwamba ruhusa yetu imesimamishwa; jengo likifunguliwa, itafikiriwa upya, pamoja na kosa lililotendeka. Niliisoma mbele ya waumini katika ukumbi wa mtaa wetu, kati ya meza za mpira wa meza, na safari hii nilitafsiri kila neno jinsi lilivyo. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusimama. Nilidhani atanishitaki, na alikuwa na haki.

"Basi mmesikia," alisema. "Ubatizo ni hapa hapa. Mwenye ndoo kubwa safi alete. Na mtu asiniletee ndoo ya kufulia." Alipopita karibu yangu aliweka mkono begani mwangu, akaubonyeza kwa nguvu kidogo kuliko mtu anayesamehe kabisa.

Tulibatiza watano siku ya Pasaka. Namshukuru Mungu kwa hao, na kwa wale kumi au kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa majina, kila asubuhi. Shukrani hiyo haijaondoa hofu. Nimeona kwamba vinaweza kukaa nyumba moja.

Siku hizi mafundi wameuzungushia mnara vyuma na mbao, na chini yake wamechimba shimo kufika kwenye msingi. Mama Mlezi ameniambia wamekuta mawe ya gumegume yaliyolazwa juu ya udongo mtupu, hayana kitu chini. Hao wa kale walianza tu kujenga. Anakuja Jumanne na fimbo yake, nami ninakwenda na fagio, na ninafagia njia hadi penye uzio, kwa kuwa ndipo ninaporuhusiwa kufika. Bado hutangulia kuitikia. Ufunguo hatuutaji.

Jumanne iliyopita ilikuwa likizo, nikaenda na mjukuu wangu. Kulikuwa na upepo mkali, na turubai za mafundi zilikuwa zikipiga kule juu. Alisimama akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza chake kama mnara utaanguka.

Nilitaka kumwambia hapana. Nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu."

Akafikiri. Kisha akazunguka nyuma yangu akahamia upande wa pili, ule ulio mbali na mnara, akanishika mkono, tukaendelea kufagia.